Mafuta ya Alizeti na Mnyororo Usioonekana

Ufipa ni nchi ya alizeti, na hapa Kizwite, mjini Sumbawanga, mafuta yake huwekwa jikoni katika dumu au chupa ya plastiki. Yakikaribia kwisha, mapya humiminwa juu ya yaliyobaki. Nasi tumefanya hivyo mara nyingi. Siku chache zikipita mafuta yote hunuka na kuwa na ukakasi, na lawama hutwikwa mwuzaji.

Huenda mwuzaji hana kosa. Elektroni zinazofunga molekuli ya mafuta hukaa mbili mbili. Mwanga wa jua, joto, au kutu ya debe huweza kusababisha kifungo kimoja kuvunjika, ikabaki molekuli yenye elektroni iliyo peke yake. Hiyo huitwa radikali, nayo haitulii. Hushika oksijeni ya hewani, kisha humnyang'anya jirani yake atomu ya hidrojeni. Yenyewe hupoa, lakini jirani sasa amekuwa radikali, naye humwendea wa tatu. Mnyororo huu hukatika radikali mbili zikikutana na kuungana, na kabla ya hapo molekuli nyingi zimekwisha haribika. Tena kila molekuli iliyopoa hubaki peroksidi, ambayo ikipasuka huzaa radikali nyingine. Basi yale mabaki machache katika dumu ndiyo mbegu ya uharibifu wa mafuta mapya.

Mwaka 1900 Moses Gomberg, wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, alipotangaza kwamba ameipata radikali ya kaboni, wataalamu wengi hawakumsadiki. Laiti wangalinusa madumu yetu!

Alizeti ina vitamini E pia. Hiyo huipa radikali hidrojeni yake, na yenyewe hugeuka radikali pole isiyoweza kuendeleza mnyororo. Ndiyo sababu mafuta hukaa mazuri kwa muda mrefu, kisha yakaharibika kwa ghafula: vitamini imekwisha tumika.

Baridi yetu ya Juni na Julai husaidia, ila chupa iliyo dirishani hupigwa na jua vile vile. Afadhali ikae kabatini, imefungwa barabara. Dumu lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, likauke kabisa, ndipo litiwe mafuta mapya. Na yaliyokwisha kaangiwa yasirudishwe humo.