Telekonvata Haiponyi Lenzi Dhaifu

Telekonvata ni kipande kifupi chenye vioo kinachokaa kati ya kamera na lenzi. Ya 1.4x huzigeuza milimita 300 kuwa 420, na ya 2x huzifanya 600. Kwa mwenye zumu ya bei nafuu ya 70-300, hesabu hiyo inavutia, maana lenzi ndefu ya kweli ni ghali. Lakini kifaa hiki hakichori picha mpya. Kinakuza ile ambayo lenzi imekwisha kuichora, pamoja na ukungu na kasoro zake. Kwa hiyo kinafaa pale tu ambapo lenzi inaona undani mwingi kuliko ule unaonaswa na kihisi cha kamera, na zumu nyingi za bei nafuu, hasa zikivutwa hadi mwisho, hazina akiba hiyo.

Chukua Soko la Toi jijini Nairobi, ukingoni mwa Kibera karibu na Barabara ya Ngong, ambako nguo na viatu vya mitumba huuzwa kwenye vibanda vilivyobanana. Kwa kamera yenye kihisi cha APS-C, milimita 300 zikielekezwa kwa mchuuzi aliye mita 5 mbele hujaza fremu kwa upana wa sentimita 39 hivi: uso na sehemu ya mabega. Ukiongeza 2x, upana hubaki chini ya sentimita 20, na hata uso hauenei vizuri. Wakati huohuo, milimita 70 za upande mpana wa zumu zimekuwa 140, hivyo kupata kibanda kizima inabidi urudi nyuma, na nyuma kuna wateja. Ukitaka kukivua kifaa, unaifungua kamera katikati ya vumbi. Kwenye msongamano wa namna hii, kumsogelea mchuuzi na kumwomba ruhusa kunatoa picha bora kuliko milimita za ziada, na pia ni heshima kwake.

Wengi huikataa telekonvata kwa sababu ya mwanga. Ni kweli kwamba kipenyo cha f/5.6 huwa f/8 kwa 1.4x, yaani nusu ya mwanga, na f/11 kwa 2x, yaani robo. Lakini hoja hiyo pekee haitoshi. Badala yake ukiikata picha kompyutani ili kupata ukubwa uleule, unatupa sehemu ya mwanga ulionaswa, na chembechembe za ISO hukuzwa pia. Hasara nzito zaidi ni ya ulengaji. Kamera nyingi za DSLR, zenye kioo ndani, ziliundwa kulenga zenyewe hadi f/5.6, baadhi hadi f/8. Chini ya mabati yenye kivuli, lenzi ya f/11 huwa inahangaika mbele na nyuma huku tukio likipita. Kamera mpya zisizo na kioo zimepunguza tatizo hili, ila haziwezi kuirudishia lenzi makali ambayo haikuwa nayo.

Atakayesema kukata picha kunapoteza pikseli ana hoja. Ila apime kiasi. Picha ya megapikseli 24 yenye pikseli 6000 kwa 4000, ikikatwa kwa kiwango cha 1.4x, hubaki na takriban megapikseli 12, nazo zinatosha kuchapa karatasi ya A4 kwa pikseli 300 kwa inchi. Kwa kiwango cha 2x hubaki 6, zinazotosha A5. Kama lenzi ni butu, pikseli zaidi za telekonvata zitarekodi ubutu uleule kwa uangalifu mkubwa.

Hali hubadilika ukiwa na 70-200 ya f/2.8 katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako mnyama yuko mbali na huruhusiwi kumwendea kwa miguu. Kwa 1.4x unapata 280 kwa f/4. Kwa 2x, 400 kwa f/5.6, na ulengaji bado uko imara. Hata hivyo, si kila zumu inakubali. Telekonvata nyingi zina kioo kinachochomoza mbele, kinachoweza kugonga kioo cha nyuma cha lenzi, na zumu ya Canon ya RF 100-500 hupokea telekonvata tu ikiwa imevutwa kupita milimita 300. Kabla ya kulipa, hasa kwa kifaa cha mtumba, piga picha ya maandishi ya lebo iliyo mbali mara mbili, kwa telekonvata na bila, kisha kuza picha ya pili zilingane. Kama herufi zinasomeka sawa, baki na pesa zako.