Karagwe: Bunduki Rahisi, Risasi Ghali

Tuseme mfanyabiashara wa kahawa wa Nyaishozi ana akiba kidogo na anataka bastola ya risasi nene. Ataulizia bei ya bastola. Wanunuzi wa silaha wa Karagwe ya karne ya 19 walikuwa na hesabu ndefu zaidi, nao walikuwa sahihi.

Soko lao lilikuwa Kafuro, kituo cha Waarabu karibu na Bweranyange, makao makuu ya mfalme Rumanyika. Kutoka Tabora zilifika nguo, shanga, nyaya na bunduki; pembe za ndovu zikarudi pwani, na njia ikaendelea hadi Buganda. Mwishoni mwa 1861 mvumbuzi Mwingereza John Speke alipita Karagwe akiwa na zawadi za kumpelekea Kabaka Mutesa wa Buganda, rivolva ikiwa mojawapo, pamoja na bunduki ya Whitworth na sanduku la risasi. Vitu vya kifalme hivyo. Bidhaa ya sokoni ilikuwa gumegume, bunduki ya kizamani inayopakiwa kwa mbele, yenye mtutu wa karibu milimita 19.

Upana huo haukumgharimu mnunuzi chochote cha ziada, na sababu ilikuwa Ulaya. Uingereza ilianza kuwapa askari wake bunduki ya Snider, inayopakiwa kwa nyuma, mwaka 1866, na Martini-Henry mwaka 1871. Ufaransa na Ujerumani nazo zilibadilisha zana. Bunduki za zamani kwa maelfu zikakosa kazi, zikauzwa kwa bei ya kutupa, na nyingi zikaishia Unguja.

Lakini urahisi hasa ulikuwa kwenye matumizi. Gumegume hula chochote: risasi ya kuyeyusha nyumbani, vipande vya chuma, hata kokoto. Martini hula kitu kimoja tu, risasi yenye ganda kutoka kiwandani, na ganda hilo lilipanda kutoka pwani kichwani mwa mpagazi aliyebeba frasila mbili, yaani kama kilo 32, kwa safari ya miezi. Mtemi mwenye bunduki ya kisasa asiye na maganda alikuwa na rungu la bei mbaya. Charles Stokes, mmisionari wa Kiayalandi aliyegeuka mfanyabiashara wa silaha na kuweka kambi Usongo, kusini mwa Karagwe, alijua vizuri anauza nini. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana bunduki za kisasa kuliko gumegume na baruti ya kawaida, ambazo ziliachiwa mlango mdogo. Sheria yenyewe, basi, ilimsukuma mwenye kipato kidogo kwenye mtutu mpana.

Leo mambo ni kinyume. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ombi huanzia kijijini, hupita kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, kisha mkoa, hadi kwa msajili wa silaha katika Jeshi la Polisi. Jumlisha nauli, ada, mafunzo na sanduku la kufungia silaha. Kisha kuna risasi. Ya milimita 9 inatengenezwa karibu kila bara, hivyo hupatikana; ya .45, yaani milimita 11.4, ni ya Wamarekani zaidi, na huku kwetu ndiyo inayomla mwenye nayo. Anayeshindwa kumudu risasi za mazoezi hana silaha, ana mzigo. Binafsi ningemwambia mwenye bajeti finyu asahau unene.

Njia ya mkato ipo, silaha ya magendo, na mkoa wetu wa Kagera unaijua. Vita vya Rwanda vya 1994 vilileta wakimbizi, na silaha zikavuka nao. Mabasi ya mkoa huu yalisindikizwa na polisi kwa miaka. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa majambazi wiki mbili wasalimishe silaha, kisha ikafuata Operesheni Kimbunga. Mwaka 2016 hata wamiliki halali walitakiwa kupeleka silaha zao zihakikiwe. Ya magendo ni rahisi siku ya kuinunua tu. Haina karatasi, haiuziki, na risasi zake hutoka kwa yule yule aliyekuuzia.

Anayehangaika na nguruwe pori shambani ana jibu jingine, shotgani ya namba 12, yenye mtutu wa milimita 18.5. Ama kwa mfanyabiashara wetu, hofu yake ni fedha taslimu msimu wa kahawa, na hofu hiyo imepungua tangu M-Pesa ilipoingia nchini 2008 na vyama vya msingi vya ushirika vilipoanza kulipa kupitia akaunti za benki. Kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na fomu, apige hesabu ya shilingi ngapi bado anazitembeza mfukoni.