Kabla ya kuvuka mpaka kwenda kusoma

Kila mara matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, vijana wa makanisa yetu hapa Bunia huulizana nani anabaki na nani anavuka kwenda Kampala au Nairobi. Wazazi huuliza kwanza bei ya minervali. Ni swali la haki, lakini karatasi nazo humchelewesha kijana.

Diploma yetu ya Serikali imeandikwa kwa Kifaransa, na alama zake ni za asilimia. Vyuo vya Uganda vimezoea cheti cha kidato cha sita. Kwa hiyo Mkongo hupeleka diploma yake UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ili ilinganishwe na cheti cha kule, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Hapo ndipo kuna ugumu, maana diploma yenyewe huchelewa kufika kutoka Kinshasa, na wengi wana karatasi ya matokeo tu. Aanze kuifuatilia mapema, mwaka mzima kabla kama inawezekana.

Kisha kuna lugha. Aliyesoma biolojia kwa Kifaransa si mjinga, ila mwalimu wa Mukono, kwenye Uganda Christian University, hatamngoja. Miezi sita ya Kiingereza hapa nyumbani ni nafuu kuliko muhula uliopotea kule.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengine hudhani vyuo vyote sasa vinatutoza kama wenyeji. Msidhani. Kiulizeni chuo kwa maandishi: Mkongo analipa bei ya mwenyeji au ya mgeni?

Tusiseme pia kana kwamba hapa hakuna kitu. Université Shalom ilianza mwaka 1961 kama shule ya theolojia, na leo ina vitivo vingine. Kumaliza lisansi hapa, halafu kuvuka kwa masomo ya juu zaidi, ni njia nzuri, hasa barabara ya Mahagi inapokosa usalama. Na mwenye wito wa theolojia asiyetaka kubadili lugha aangalie FATEB ya Bangui, inayofundisha kwa Kifaransa.

Neno moja kwa wazee wa kanisa. Sadaka ya kumuaga kijana huweza kulipa muhula wa kwanza, lakini lisansi ni miaka mitatu au zaidi. Kabla hajapanda gari, kaeni na wazazi wake, muandike majina ya watakaolipa muhula wa tano.