Volti Haziogopi Barafu

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Kijana ana kompyuta ya gemu, amesikia kwamba prosesa yake inaweza kukimbizwa kupita kasi iliyowekwa kiwandani, na anachotaka kujua ni kimoja tu: akiipoza vya kutosha, si anaweza kupandisha volti kadiri apendavyo? Mmoja atauliza akiwa na feni ya mezani iliyoelekezwa kwenye kasha lililofunguliwa ubavu. Mwingine anategemea kiyoyozi. Wa tatu, na huyu hakosekani, anataka kuiingiza mashine kwenye friji.

Jibu ni hapana. Limekuwa hapana kwa zaidi ya miaka 20, na bado mafundi wanaoletewa prosesa zilizokufa wanaambiwa kwa uhakika kabisa, “Lakini haikuwahi kupata moto.”

Haikuwahi, ndiyo. Kipimo kilisoma nyuzi 60 tu, na prosesa imekufa vilevile, kwa sababu joto si muuaji pekee. Tena ndilo muuaji ambaye prosesa za leo zinajua kujikinga naye. Ryzen za mfululizo wa 7000 nyingi hupunguza mwendo zenyewe zikifikia nyuzi 95. Core nyingi za Intel hufanya hivyo kwenye 100. Gemu litakwamakwama, na mashine ikizidiwa kabisa itajizima, lakini silikoni itapona. Volti alizoziingiza mtu kwa mkono wake kwenye bayosi ni habari nyingine. Hapo mwenye mashine ameshaiondoa kinga, na prosesa itapokea inachopewa.

Kisa kinachopaswa kujulikana na kila anayegusa mipangilio hiyo ni cha Pentium 4 zilizoitwa Northwood, ambazo Intel ilianza kuziuza Januari 2002. Zilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 130, na volti yake ya kawaida ilikuwa karibu 1.5. Zile zilizozitangulia, za nanomita 180, zilikuwa zikitumia takriban 1.75 bila shida yoyote. Basi watu wakafanya hesabu rahisi: kama ya zamani iliishi na 1.75, mpya itashindwaje na 1.7? Wakazipandisha, wakaweka vipoza vizuri, na kwa wiki au miezi mambo yakawa mazuri. Kisha prosesa zikaanza kugoma. Kwanza zilishindwa kushika kasi zilizozimudu jana, halafu zikashindwa hata kasi ya kiwandani, halafu hazikuwaka tena. Wapenzi wa mambo haya wakaupa ugonjwa huo jina, kifo cha ghafla cha Northwood. Zilikufa bila kuungua.

Kilichotokea ndani kinaeleweka vizuri. Kila transista ina utando wa kuzuia umeme chini ya lango lake, na kwenye Northwood utando huo ulikuwa na unene wa nanomita 1.5 hivi, yaani atomi chache tu. Volti zikizidi, utando hupata kasoro moja baada ya nyingine mpaka kasoro hizo zinaungana na umeme unapita pasipotakiwa. Madhara hayo hayapandi sambamba na volti. Nyongeza ndogo ya volti inaweza kukata sehemu kubwa ya maisha ya transista.

Halafu kuna nyaya za shaba zinazounganisha transista hizo. Mkondo mkubwa unaopita kwenye waya mwembamba kiasi hicho husukuma atomi za shaba zenyewe, hadi mahali pamoja panabaki mwanya na pengine panavimba. Mhandisi James Black aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1969: msongamano wa mkondo ukiongezeka mara mbili, maisha ya waya hushuka hadi kama robo. Joto nalo limo katika kanuni hiyo, na hapo ndipo dhana ya kupoza ilipopatia nusu ya ukweli. Baridi huchelewesha uharibifu. Kuchelewesha si kuzuia, na anayetumia ucheleweshaji huo kama ruhusa ya kuongeza volti amekwisha kuutumia wote.

Asiyeshawishika na habari za 2002 atazame za juzi. Aprili 2023 baadhi ya Ryzen 7000, hasa zile zenye alama ya X3D, ziliungua kwenye soketi zake. Mazabodi zilikuwa zikipeleka volti nyingi mno kwenye sehemu ya prosesa inayohudumia ram, mara nyingi pale mtu alipowasha tu mpangilio wa kuongeza kasi ya ram. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu hiyo, na watengenezaji wa mazabodi wakatoa bayosi mpya. Hakuna feni ambayo ingeziokoa prosesa hizo.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel. Core za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikichakaa kabla ya wakati, nyingi zikiwa kwenye mashine ambazo hazijakimbizwa na mtu. Gemu zilianguka na kudai kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, na watu wakabadilisha kadi za picha zisizo na kosa. Intel ilieleza kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volti za juu kupita kiasi, nyakati nyingine mashine ikiwa na kazi nyepesi au imekaa bure. Marekebisho ya Agosti 2024 yaliweka kikomo cha 1.55, na waranti ikaongezwa kutoka miaka 3 hadi 5. Mashine iliyokaa bure haichemki. Bado ilikuwa inaumizwa.

Basi wale wanaomwaga naitrojeni ya maji ya nyuzi 196 chini ya sifuri? Wanajua wanachokifanya, na wanachokifanya si kutumia kompyuta. Desemba 2022 Msweden anayejulikana kwa jina la elmor alivusha Core i9-13900K juu ya gigahezi 9 kwa heli ya maji. Rekodi ya aina hiyo huhitaji mashine isimame kwa muda mfupi tu, kipimo kisomwe, basi. Prosesa ikifa baadaye, ndiyo gharama ya mchezo. Na kabla ya kuanza, wengi wao hupaka mazabodi nzima vaselini na kuifunga kwa matambara, kwa sababu wanaogopa unyevu kuliko wanavyoogopa joto.

Unyevu ndio unaoliua wazo la friji. Jijini Dar es Salaam, hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 25 hutoa jasho kama chupa ya soda. Mlango ukifunguliwa, hewa hiyo inaingia na maji yanatua kwenye mazabodi. Tena friji ya nyumbani imetengenezwa kuondoa joto la chakula kidogo kidogo, kompresa ikipumzika. Kompyuta ya gemu inayomwaga wati 300 mfululizo haiachi nafasi ya kupumzika. Ndani ya friji panageuka chumba cha joto, na kompresa inaelekea kufa pamoja na kompyuta.

Kuna hatari nyingine ambayo hakuna anayeiuliza. Prosesa iliyokimbizwa kupita uwezo wake hukosea hesabu kabla ya kugoma. Faili la ripoti linahifadhiwa likiwa limeharibika, na mwenyewe hajui mpaka mwezi ujao anapolifungua.

Na kinachopatikana ni kidogo. Kasi ikiongezwa kwa asilimia 10 na volti zikitoka 1.2 hadi 1.35, joto hupanda kwa karibu asilimia 39, kwa kuwa joto hufuata kipeo cha pili cha volti. Prosesa mpya hutoka kiwandani zikiwa tayari zimesogezwa karibu na mwisho wa uwezo wake.

Wengi wanaouliza, zaidi ya hayo, hawana cha kukimbiza. Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotumika Ulaya na kuuzwa tena Dar es Salaam na Nairobi mara nyingi zina prosesa zilizofungwa. Kwa Intel zinahitajika zenye herufi K na mazabodi ya mfululizo wa Z. Ryzen karibu zote ziko wazi, lakini si kwenye mazabodi kama A320 na A520. Mwenye OptiPlex aweke diski ya SSD na aongeze ram; atapata kasi ambayo kukimbiza prosesa hakungempa kamwe.

Kwa mwenye mashine inayofaa: bayosi isasishwe kwanza na nakala za mafaili zihifadhiwe nje. Vumbi litolewe, pesti ya kupitishia joto ibadilishwe, feni za mbele ziingize hewa na ya nyuma itoe. Kipoza cha hewa chenye feni mbili kinatosha prosesa nyingi. Cha maji kinafaa zile zinazovuka wati 200, na pampu yake huchakaa. Hakuna kati ya hivyo kinachoshusha joto chini ya lile la chumba. Kwenye Ryzen zenye kipengele cha bayosi kiitwacho Curve Optimizer, kitumike hicho kupunguza volti, maana mara nyingi volti zikipungua kasi hupanda yenyewe. Anayetaka kupandisha kwa mkono apande megahezi 100 kwa hatua, volti zisivuke kikomo cha mtengenezaji, kila hatua ipimwe kwa Prime95 kwa saa nzima na ram kwa MemTest86. Kosa moja likitokea, arudi hatua moja nyuma. Mashine ikikataa kuwaka, izimwe na waya wa umeme uchomolewe, betri ndogo ya mazabodi itolewe kwa dakika chache na kurudishwa. Mipangilio ya kiwandani itarejea.