Je, mashine inaweza kuona homa ya mafua?

Wewe uliye Malangali unaijua baridi ya Juni na Julai. Upepo wa Ufipa hupenya hata blanketi. Watu hufunga madirisha na kuota moto pamoja. Mmoja akikohoa, wote huvuta hewa ile ile. Hapo ndipo homa ya mafua hupita nyumba hadi nyumba.

Homa hii si mafua madogo ya kila siku. Huanza ghafla. Kichwa huuma, mwili mzima huuma, na nguvu huisha. Huletwa na kirusi, kijidudu kidogo sana. Wataalamu wa Uingereza walikipata kwa mgonjwa mwaka 1933.

Lakini homa yenyewe ilipita karibu nasi kabla ya hapo. Novemba 1918 jeshi la Wajerumani lilisalimu amri huko Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, Zambia. Askari wake waliletwa Kasanga, wakapanda meli kwenda Kigoma. Walikuwa wameokoka miaka minne ya risasi. Baadhi yao walikufa kwa homa ya mafua wakiwa mateka.

Sasa tuseme mtu amefika mtaani kwako na mashine ndogo. Anakwambia, "Mama, shika chuma hiki." Chuma kingine anakigusisha kwenye kidole chako. Namba zinapanda. Anasema una homa ya mafua, tena ini lako limechoka. Kisha anakuuzia vidonge vidogo vitamu. Je, utatoa fedha ya mahindi yako?

Tuanze na mashine. Upimaji huu ulianzishwa na daktari Mjerumani, Reinhold Voll, katika miaka ya 1950. Mashine hupitisha umeme kidogo sana mwilini, na kupima jinsi ngozi inavyouzuia. Ni kweli inapima kitu, lakini kitu hicho ni ngozi. Mkono uliotoka kufua nguo na mkono mkavu uliotoka kupura maharage haitoi namba moja. Mpimaji akikandamiza chuma zaidi, namba hupanda. Kirusi hakimo katika hesabu hiyo.

Mwaka 2001 wataalamu wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la mashine ya namna hii. Walipima watu 30, zaidi ya mara 1,500. Nusu yao walikuwa na mzio, nusu hawakuwa nao. Mashine ilishindwa kuwatenganisha. Huo ulikuwa mzio, si mafua, lakini wauzaji hudai kuwa inaona yote mawili.

Na vidonge je? Vingi ni vya tiba iitwayo homiopathi. Aliianzisha Mjerumani mwingine, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Dawa ya mafua ya homiopathi inayojulikana sana huitwa Oscillococcinum. Hutengenezwa kwa ini na moyo wa bata. Sehemu moja huchanganywa na sehemu 99 za maji. Kisha sehemu moja ya maji hayo huchanganywa tena na 99. Hufanyika hivyo mara 200.

Fikiri juu ya Ziwa Tanganyika. Ukichukua tone moja na kulichanganya hivyo bila kumwaga kitu, mara ya 11 utahitaji maji mengi kuliko ziwa lote. Bado mara 189! Kinachobaki katika kidonge ni sukari. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilichambua majaribio mengi ya homiopathi. Halikuona ugonjwa hata mmoja ambao imethibitika kuuponya.

Utauliza, mbona jirani alipona? Alipona kwa sababu wengi hupona mafua katika wiki moja hivi, wakinywa maji, uji na kupumzika. Jogoo awike asiwike, kutakucha.

Sukari haitakuua. Kinachoua ni kuchelewa. Homa ya mtoto wako inaweza kuwa malaria, au kichomi. Zahanati hutazama malaria kwa tone la damu ya kidole, na jibu hupatikana chini ya nusu saa. Mpimaji wa mtaani muulize cheti chake, maana Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 inataka waganga wa tiba asili na tiba mbadala waandikishwe. Lakini cheti hakigeuzi sukari kuwa dawa.

Kipimo kimoja unacho nyumbani, nacho ni saa. Mtoto akiwa ametulia, funua kifua chake, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 4 akifika 40, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, au akishikwa na degedege, usihesabu. Mfunge mgongoni uondoke, hata kama ni usiku.