Usimuue, anajifanya maiti!

Msomaji, nusura niue asiye na hatia. Nilikuwa Texas, Marekani, kwa dada. Uani nikakuta nyoka mweusi tii, kapanua shingo kama swila. Nikadaka beleshi. Ghafla kajilaza chali, mdomo wazi, ulimi nje!

Jirani, mzee mmoja, akacheka. Akamgeuza kifudifudi, "maiti" akajipindua tena chali.

"Rangi isikudanganye," akasema. "Huyu wa pua iliyobetuka ana ndugu wa manjano na wa kijivu, jamii ileile ya mashariki. Tazama mkia kwa chini: umepauka kuliko tumbo. Wa magharibi tumbo na mkia vyeusi, pua imebetuka zaidi. Wote hawaui mtu."

Nikarudisha beleshi, aibu tupu. Lakini wewe, usiyemjua kaa naye mbali!