Kidonge Kwenye Njia ya Kobalti

Kwenye karatasi mpango ni mwepesi. Mtu apimwe, asipokutwa na VVU, na yuko katika hatari ya kuambukizwa, apewe kopo la PrEP, vidonge vya kuzuia maambukizi, ameze kimoja kila siku, arudi baada ya mwezi, kisha apimwe kila miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kinga hii mwaka 2015, mwaka uleule Lualaba, nchini Kongo, ilipomegwa kutoka Katanga ya zamani na kuwa jimbo.

Upeleke mpango huo Kolwezi, mji mkuu wa Lualaba. Mchimbaji wa kobalti leo yuko mtaa wa Kasulo, kesho amesikia habari za Fungurume. Mzigo unauzwa kwenye depo za Musompo, malori yanashika njia ya Likasi na Lubumbashi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na huko dereva hulala foleni. Wanawake wanaouza chakula, pombe au miili yao huifuata pesa hiyohiyo. Nani kati yao anajua atakuwa wapi baada ya miezi mitatu?

Mwaka 2012 zilitoka tafiti mbili za dawa ileile. Partners PrEP, kwa wenzi wa Kenya na Uganda ambao mmoja ana VVU, ilionyesha hatari ikipungua kwa asilimia 75. FEM-PrEP, kwa wanawake wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, haikuonyesha kinga yoyote: vipimo vya damu vilifichua kwamba wengi hawakuwa wakimeza. Naona tofauti iko nyumbani. Katika utafiti wa kwanza mwenzi alijua kopo ni la nini. Msichana wa baa mjini Kolwezi akikutwa na kopo chini ya godoro, nani atamsikiliza akieleza kwamba si mgonjwa? Tenofoviri, dawa iliyo ndani ya kidonge hicho, imo pia katika tiba ya UKIMWI.

Ndiyo maana siziamini sana ripoti zinazohesabu "walioanza". Kuanza ni rahisi.

Halafu ikaja 2025. Lualaba, pamoja na Haut-Katanga na Kinshasa, ndiko PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ilikoelekeza nguvu zake nchini Kongo. Januari fedha zilisimamishwa. Februari ruhusa ya muda ikabakiza PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Dereva na mchimbaji wakaachwa nje. Mwezi huohuo serikali ya Kongo ikazuia kobalti kuuzwa nje, na anayeishi kwa kobalti hakai kungoja tarehe ya kliniki.

Sasa kuna lenakapaviri, sindano ya kinga ya mara mbili kwa mwaka. Katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda, kati ya wanawake 2,134 waliopewa, hakuna aliyeambukizwa. Inawafaa watu wa njiani kuliko kopo. Lakini aliyechomwa ya kwanza Kolwezi lazima aipate ya pili Kasumbalesa bila kuanza upya kwenye daftari, na dawa iwepo kliniki siku hiyo.